Corolla AE110 ilichemsha Kitonga, sasa stata inazunguka lakini haiwaki. Nianzie wapi?

#1 Mpanda Milima

Wakuu habarini. Niko Iringa mjini siku ya tatu, gari imelala gereji na nauli za bajaji zinanimaliza.

Gari ni Corolla AE110 ya 1998, injini 5A-FE, otomatiki. Jumamosi nilitoka Dar saa kumi na moja alfajiri nampeleka mama nyumbani Mafinga. Morogoro, Mikumi, hadi Ruaha Mbuyuni haikunisumbua hata kidogo. Tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori mawili, mwendo wa konokono, AC imewashwa maana mama ana presha na joto la bondeni lilikuwa kali. Katikati ya mlima nikaona mshale wa temperecha umepita nusu. Nikajisemea tukifika juu utashuka. Ukapanda hadi karibu na H, kisha ukarudi wenyewe mpaka chini kwenye C. Nikamshukuru Mungu. Dakika mbili hazikupita gari ikaishiwa nguvu, mvuke ukafumka kwenye boneti, ikazima.

Utingo wa lori mmoja alinisaidia na dumu la maji. Tulisubiri kama robo saa, tukafungua rejeta kwa tambara, ndani kukavu. Tukajaza lita nne. Nikapiga stata: inazunguka, haiwaki. Tukavutwa hadi Ilula, kesho yake hadi hapa.

Fundi amesikiliza stata sekunde kumi tu, akasema gasketi (kizibo chembamba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku) imekufa na injini imekwisha, ninunue ya mtumba, milioni moja na laki nane pamoja na kufunga. Hajafungua plagi hata moja. Naombeni mnisaidie kabla sijatoa hiyo hela, maana sina.

#2 Nasoma Tu

Pole sana mkuu, na mama mpe pole. Ngoja waje wataalamu. Mimi pia natembelea AE110, nakaa hapa hapa.

#3 Spana 12

Pole. Huo mshale kurudi chini haikuwa nafuu. Sensa ya geji inapima maji. Maji yakiisha inabaki kwenye mvuke na hewa, inasoma uongo. Kuanzia pale uliposhukuru hadi gari ilipozima, injini ilikuwa inaungua kavu.

Lakini injini hainunuliwi kwa kusikiliza. Nijibu haya:

Ukipiga stata mlio ukoje? Una ule mdundo wa kupanda na kushuka, au unateleza mfululizo kama cherehani?

Oili kwenye stiki ina rangi gani?

Plagi zichomolewe zote nne, uzipange mezani kwa namba zake, utuambie kila moja ikoje.

#4 Mzee wa Peugeot

Vijana mnakimbilia gasketi. Mimi nimepanda huo mlima na 504 kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Injini ikipata moto sana petroli inageuka mvuke ndani ya mrija, pampu inabaki inasukuma hewa. Tulikuwa tunafunga kitambaa kibichi kwenye pampu na kabureta, tunakula muhogo wa kuchoma, baada ya nusu saa gari inawaka. Afanye hivyo kwanza.

#5 Rota

Shikamoo Mzee wa Peugeot. Kwa 504 umesema kweli tupu. AE110 haina kabureta, ni EFI, petroli inapulizwa kwa amri ya kompyuta: pampu imo ndani ya tangi na inasukuma petroli kwa presha karibu ya bar 3. Petroli iliyobanwa hivyo haigeuki mvuke kirahisi, na hata ingegeuka, leo ni siku ya tatu. Injini imeshapoa kama jiwe.

Mimi nahisi umeme. Kwenye AE100 na AE110 nyingi nilizofungua, koili (inayotengeneza umeme wa cheche) imo ndani ya kichwa cha distribyuta (inayogawa cheche kwa plagi), na distribyuta imepachikwa ubavuni mwa hedi. Hedi ikiungua nayo inaungua. Gari inazunguka vizuri, petroli ipo, cheche hakuna. Achomoe waya wa plagi, aweke plagi nyingine, aigusishe kwenye chuma cha injini, mwenzake apige stata, waangalie.

#6 Mzee wa Peugeot

Marahaba. Siku tatu sikuziona, macho yangu haya. Muhogo bado nausimamia.

#7 Mla Ugali

Mleta uzi sema kweli. Pale Ruaha Mbuyuni ulipita bila kununua vitunguu?

#8 Mpanda Milima

Mla Ugali, gunia moja, mama alisema huku ni bei rahisi. Na ndoo mbili. Na mchele wa Morogoro kilo 50.

Spana 12, mlio ni wiiiii moja kwa moja. Ule mdundo wa zamani siusikii. Oili imepungua kidogo lakini rangi yake ni ya oili, siyo maziwa. Plagi fundi hataki kufungua, anasema nampotezea muda. Kesho asubuhi nitaazima spana nizifungue mwenyewe.

#9 Spana 12

Huo mlio ndio niliouogopa. Stata inapozunguka, kila silinda ikifika juu inabana hewa na stata inapata uzito, ndiyo maana unasikia mdundo. Mdundo ukikosekana, hewa haibanwi vizuri. Hapo kuna njia tatu: gasketi imetoboka au hedi imepinda, ringi za pistoni zimelegea kwa moto, au taiming belti imekatika.

Belti ijaribu leo hii, ni dakika tano. Fungua kifuniko cha distribyuta, mtu apige stata, tazama rota, kile kidude kinachozunguka ndani yake. Distribyuta inaendeshwa na kamshafti (shafti inayofungua valvu), kamshafti inaendeshwa na belti. Rota ikisimama, belti imekwenda na una bahati, maana 5A-FE belti ikikatika pistoni hazigongani na valvu. Unafunga belti mpya unaondoka.

Oili kuwa safi haimwachii gasketi huru. Gasketi inaweza kufa kati ya silinda na silinda, maji na oili visikutane kabisa.

#10 Pwani Raha

Salamu kutoka Mombasa. Spana 12 amenena, ila aongeze kitu. Rota ikizunguka haimaanishi belti iko sawa. Inaweza kuwa imeruka meno mawili matatu. Corolla ya shemeji ilifanya hivyo Mtito Andei: ilichemka, plastiki ya kava ya belti ikajikunja kwa moto ikawa inasugua belti. Makanika alibadilisha koili, akabadilisha plagi, akauza hadi pampu ya petroli, gari haishiki. Mwisho kijana mmoja wa jua kali akatazama alama za taiming, zilikuwa zimepishana.

#11 Dada wa Sae

Habari zenu. Mimi ni mwalimu, siyo fundi, ila hili limenikuta na Starlet nikipandisha Mlima Nyoka hapa Mbeya. Ilichemsha, nikaivuta nyumbani, asubuhi ikagoma. Mafundi wawili wakaniambia injini.

Kumbe sensa. Kuna sensa mbili za joto la maji kwenye hizi gari. Yenye waya mmoja ni ya geji. Yenye waya mbili inapeleka taarifa kwenye kontroli boksi, kompyuta ya injini. Soketi ya ile ya waya mbili ilikuwa imeyeyuka. Boksi ikikosa taarifa inajiwekea kwamba maji yana nyuzi 80, kwa hiyo asubuhi ya baridi ya Mbeya ilikuwa inatoa petroli kidogo, kama injini ya moto. Inazunguka weee, haiwaki.

Fanya hivi kaka. Kwenye injini kuna kiboksi kidogo cha plastiki chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa switchi bila kupiga stata, kisha uhesabu taa ya cheki injini inavyokonyeza. Mbili, kituo, mbili ni 22, sensa ya maji. Ikikonyeza mfululizo bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa.

#12 Rota

Dada wa Sae heshima yako. Mafundi wengi hawajawahi kufungua hicho kiboksi.

#13 Spana 12

Ni kweli, ila Starlet yako ilikuwa na mdundo? Kama ilikuwa nao, ni ugonjwa mwingine.

#14 Dada wa Sae

Mdundo sikumbuki, nilikuwa nalia.

#15 Kipozeo

Wakuu, mnahangaika na kwa nini haiwaki. Naomba tuulize pia kwa nini ilichemsha, la sivyo atafunga gasketi mpya na itakufa tena mlima ule ule siku ya kurudi.

Mpanda Milima, themostati (valvu ya joto kwenye njia ya maji) ipo? Na ulikuwa unatumia kulanti (maji maalumu ya rejeta) au maji ya bomba?

#16 Mpanda Milima

Themostati ilitolewa mwaka jana, fundi alisema ni kifaa cha nchi za baridi. Maji ni ya bomba.

Leo alfajiri nimefungua mwenyewe. Rota inazunguka, kwa hiyo belti ipo. Plagi ya 1 na ya 4 ni nyeusi na zinanuka petroli. Ya 2 nyeusi kidogo. Ya 3 ni safi, kama imeoshwa, ile kauri nyeupe inang'aa. Cheche ipo kwenye waya wa 1 lakini ni nyekundu na nyembamba. Halafu nilipozirudisha na kupiga stata ilikohoa mara mbili, kama inataka kuwaka. Ikanyamaza.

Taa imekonyeza moja, kituo, nne. Nimerudia mara tatu, ni 14.

#17 Rota

Nilisema! 14 ni mawasiliano ya umeme wa cheche. Kontroli boksi inaagiza cheche, haipati jibu kwamba cheche imetoka, nayo inakata petroli. Cheche yenye afya ni ya bluu na inapiga kwa sauti, tak, tak. Nyekundu nyembamba ni koili au igniter (swichi ya umeme ya koili) inayokufa. Tafuta distribyuta ya mtumba iliyo kamili, uwaombe wenye duka ujaribu kwanza.

#18 Spana 12

Polepole. Plagi ya 3 iliyooshwa inaoshwa na nini? Mvuke wa maji. Maji yameingia silinda ya 3. Tena usipige stata na plagi zikiwa ndani mpaka uhakikishe silinda haina maji. Maji hayabanwi. Ikijaa, pistoni ikipanda inapinda konrodi (fimbo ya pistoni), na hapo hata mimi nitakuambia ununue injini.

Na 14 inaweza kuwa imeingia kwa sababu mtu alichomoa soketi ya distribyuta akapiga stata. Huyo fundi aligusa?

#19 Mpanda Milima

Siku ya kwanza nilikuta waya za plagi zimechomolewa zimelala pembeni. Soketi sijui.

#20 Kipozeo

Nirudi kwenye themostati, na nitaisema mpaka nichoke kwa sababu gari nyingi nchi hii zinakufa kwa ushauri huu.

Themostati ya injini hizi inafanya kazi mbili. Maji yakifika nyuzi kama 82 inaanza kufungua njia ya rejeta. Wakati huo huo ina kijisahani cha nyuma ambacho kinafunga njia ya mkato, ile ambayo maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inapita mkato, inarudi kwenye injini ikiwa ya moto vile vile. Dar kwenye tambarare huoni tofauti, joto ni dogo. Kitonga nyuma ya lori, gia ndogo, AC, mchele kilo 50, unaona.

Maji ya bomba nayo yanaleta kutu na magamba kwenye rejeta. Tazama na mfuniko wake, juu una namba ya presha, mara nyingi 0.9. Maji yanachemka nyuzi 100 usawa wa bahari, na ukifika Iringa, zaidi ya mita 1,500, ni karibu 95. Mfuniko mzima unayabana hadi yavuke 110 bila kuchemka. Mpira wake ukiwa umekatika, unayapoteza yote barabarani bila kujua.

#21 Bila Themostati

Mimi miaka tisa natembea bila themostati, Corolla ya 1996, haijawahi kuchemsha. Msitishe watu.

#22 Kipozeo

Unatembelea wapi mkuu?

#23 Bila Themostati

Tabata hadi Posta.

#24 Mla Ugali

Hapo mlima pekee ni kidaraja.

#25 Pwani Raha

Na feni je? Kwenye Corolla hizi, chomoa soketi ya swichi ya feni kwenye njia ya maji, washa switchi. Feni lazima izunguke yenyewe. Isipozunguka, ni relei (swichi ya umeme), fyuzi au mota ya feni, wala themostati haina kosa. Ukiwa kasi upepo unasaidia, ukiwa nyuma ya lori ni feni peke yake.

#26 Mpanda Milima

Wakuu, shukrani. Nimehama gereji. Nimepata fundi mwingine Ipogolo, mtu mzima, ana geji ya kompresheni, ya kupima mbano wa hewa kwenye silinda. Tumechomoa plagi zote, tumepiga stata kwanza zikiwa nje. Silinda ya 3 imetema maji, siyo mengi, kama kijiko cha chai, yamerukia hadi kwenye shati langu. Silinda nyingine hazikutoa maji.

Vipimo: ya 1 bar 11, ya 2 bar 6, ya 3 bar 5 na nusu, ya 4 bar 10 na nusu. Akatia oili kidogo kwenye 2 na 3, akapima tena: 6 na 6.

Feni: nimechomoa soketi, haizunguki. Fyuzi nzima. Tukaunganisha mota moja kwa moja na betri, ikazunguka.

#27 Spana 12

Kesi ya gasketi imekaa vizuri. Kwa injini hii kila silinda isishuke chini ya bar 10, na tofauti kati yao isizidi 1. Zilizoshuka ni mbili zilizopakana. Umetia oili, ambayo ingeziba ringi zilizolegea, hazikupanda vya maana, kwa hiyo ringi hazihusiki. Gasketi imetoboka kati ya 2 na 3. Injini ya mtumba sahau. Hedi itolewe, ipimwe kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vya kupima nafasi). Ikiwa imepinda zaidi ya milimita 0.05 upande wa bloku, ipelekwe kuskimu (kusawazishwa kwa mashine). Mimi mara ya mwisho nililipa 60,000.

#28 Rota

Gasketi sikatai. Ila nijibu hili: 1 na 4 zina bar 11 na 10 na nusu, petroli zinanuka. Kwa nini hazikuwaka hata hizo mbili? Injini ya silinda mbili nzima inatetemeka, inakohoa, lakini inawaka. Hii haikuwaka kabisa. Cheche bado nyekundu. Code 14 bado ipo. Nina hakika atafunga hedi, atapiga stata, na itagoma.

#29 Dada wa Sae

Kaka, hizo waya za plagi ulizozikuta zimechomolewa, nani alizirudisha? Na alizirudisha kwa mpangilio gani?

#30 Mpanda Milima

Fundi wa kwanza alizirudisha kabla sijahama. Mimi alfajiri ile nilichomoa na kurudisha moja moja, kila mmoja pale nilipoukuta.

#31 Spana 12

Mwalimu umetushinda wote. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Fuata kila waya kwa kidole kutoka kwenye kifuniko cha distribyuta, ukizunguka upande ambao rota inazunguka.

#32 Mpanda Milima

Wakuu!! Wa 4 na wa 2 zilikuwa zimebadilishana. Tumezirekebisha, tumepiga stata. IMEWAKA. Imewaka kwa sekunde kama nane, inatetemeka mpaka vioo vya pembeni, moshi mweupe kwenye ekzosi, rejeta ikiwa wazi maji yakawa yanatoa mapovu mfululizo. Fundi mzee akanipigia kelele nizime. Nimezima. Mikono inatetemeka bado.

#33 Nasoma Tu

Nimeruka kwenye kiti ofisini.

#34 Spana 12

Mapovu ni moshi wa kuungua unaopita kwenye gasketi kuingia kwenye maji. Usiiwashe tena.

#35 Rota

Mimi bado niko na distribyuta yangu. Waya mbili zikibadilishana, 1 bado inapata cheche yake kwa wakati wake. Na cheche nyekundu haitoki kwa waya kukosea njia. Chomoa fyuzi ya EFI nusu dakika ifute kumbukumbu, kisha hedi ikirudi upige stata, usome tena. 14 ikirudi tutaongea.

#36 Pwani Raha

Na mimi niko na feni. Mota inazunguka ikipewa umeme wa betri, soketi ikichomolewa haizunguki, fyuzi nzima. Ni relei au waya. Hiyo ndiyo iliyoua gasketi.

#37 Kipozeo

Feni ilikuwa imekufa kuanzia lini? Kama Dar kwenye foleni haikuchemsha, basi huenda ilifia njiani, au themostati ndiyo iliyoanza. Mimi siondoki kwenye themostati.

#38 Mzee wa Peugeot

Na yale maji ya utingo hamyasemi. Robo saa haitoshi. Chuma cha hedi ni aluminiamu, bloku ni chuma cha kuyeyusha, kimoja kinasinyaa haraka kuliko kingine. Ukimwagia maji baridi wakati bado inachoma mkono, hedi inapinda hapo hapo. Huenda gasketi ilikuwa nzima mpaka dumu lilipofika. Utingo alisaidia kwa moyo mweupe, simlaumu. Lakini lazima kusubiri hadi uweze kuweka kiganja juu ya injini ukahesabu kumi.

#39 Spana 12

Mzee hapo nakuvulia kofia. Lakini ilizima yenyewe kabla ya maji, na iliishiwa nguvu kwanza.

#40 Mzee wa Peugeot

Injini kavu yenye moto inabana pistoni, inaishiwa nguvu bila gasketi kufa. Sijashindwa bado.

#41 Mpanda Milima

Hedi imetoka leo saa nane. Gasketi kati ya 2 na 3 ina mstari mweusi, upana wa njiti ya kiberiti, umeungua kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kuelekea tundu la maji la silinda ya 3 kuna sehemu nyingine imemong'onyoka. Fundi mzee ameweka rula ya chuma juu ya hedi, fila ya 0.10 inapita katikati, ya 0.15 haipiti. Inakwenda kuskimu kesho. Kasema atatazama pia kama ina ufa.

Relei ya feni tumeifungua, ndani miguu yake imeungua. Iliungua lini hakuna anayejua. Themostati mpya nimenunua, Kipozeo, na mfuniko wa rejeta, na kulanti.

Mama alipanda basi juzi, ameshafika Mafinga na vitunguu vyake.

#42 Rota

Na distribyuta?

#43 Mpanda Milima

Kuna mtu ana duka la spea za mtumba hapa karibu, amekubali niijaribu yake hedi ikisharudi. Ijumaa nitaleta majibu.